Muyonza Usio na Miiba

Nilipokuwa mtoto, hakuna mmea usiojulikana jina ulioruhusiwa kuingia nyumbani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Si kuni, si ua, si hata kijiti cha kuchezea. Sheria hiyo ilikuwa ya Tate, ndivyo tulivyomwita mama mzaa baba, na haikuwa na mchezo. Kwetu Kongo, kwenye milima ya juu ya Uvira, Tate aliijua miti kama alivyowajua wakwe zake, kwa majina na kwa tabia. Hapa Isingiro alijikuta katikati ya vichaka ambavyo nusu yake hakuwahi kuviona, na jambo hilo lilimtisha kuliko njaa.

"Kama haujue jina ya muti," alikuwa akiniambia, "ye njo ataomba jina kwako. Na haibebe jina tupu. Inabeba na mwenyewe."

Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wake. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amefariki kabla hatujavuka mpaka, na Baba alikuwa akifanya vibarua Mbarara, akija kutuona mwisho wa mwezi. Kinyankole nilikiokota upesi pale bombani na kwa watoto wa wafugaji, wakati Tate hakujua zaidi ya kusalimia. Akikutana na kichaka kigeni, alivunja tawi, akalizungushia jani la mgomba asiliguse kwa mkono mtupu, akanituma ng'ambo ya bonde kwa mama mzee mmoja Mnyankole aliyetuuzia maziwa. Tulimwita Kaaka, yaani bibi kwa lugha yao. Kaaka alilitazama tawi, akalitaja jina na kazi yake: hili la kufagilia, hili wape mbuzi, hili achana nalo. Nilirudi mbio nikilirudia jina njia nzima lisinitoke. Tate alilitamka mara tatu, akaliharibu mara zote tatu, akaridhika. Kisha tawi lilichomekwa kati ya nguzo na turubai, upande wa kulia wa mlango, pamoja na wenzake waliokwisha kutajwa. Lisilo na jina lilibaki nje juu ya jiwe.

Majirani walicheka. Baba Aline, Mrundi mcheshi aliyekuwa mchoma nyama huko Bujumbura, alisema siku moja kutoka upande wake wa ugo, "Mama, hapa hata sisi watu hatuna majina. Tunaitwa kwa namba ya karatasi."

"Njo maana," Tate akamjibu, akaendelea kupepeta unga wake.

Mimi pia nilicheka, lakini kwa siri. Nilipenda kutumwa. Mtoto wa mkimbizi haulizwi jambo na mtu mzima, na mimi nilikuwa naulizwa kila wiki, na neno langu ndilo lililoamua lipi liingie ndani na lipi libaki nje.

Aline, binti wa majirani hao, alikuwa rika langu. Tuliketi benchi moja shuleni na tulichota maji pamoja. Mwaka ule alikuwa anapata komunyo ya kwanza. Gauni jeupe mama yake aliazima kwa mwenzake wa kanisani, viatu akaazima kwa mwingine, vikamzidi kidogo, tukavijaza karatasi. Kilichokosekana kilikuwa taji la maua. Wasichana wengine walikuwa na mataji ya plastiki kutoka Mbarara, na Aline alilia kwa sababu ya hilo taji kuliko alivyowahi kulia kwa sababu ya tumbo tupu.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya sherehe, tulipanda kilima cha upande wa Rugaaga kutafuta kuni, na huko kwenye mawe tukakuta vichaka vitatu vimeumuka maua meupe. Harufu yake ilitufikia kabla hatujaviona. Maua yalikuwa madogo, yamebanana kwenye kila jani, meupe juu na mekundu kidogo chini. Aline alisimama akashika mdomo. Tulivunja matawi kama kumi, marefu, yaliyonyooka, na utomvu mweupe ukatuganda vidoleni, tukajifuta kwenye nyasi. Kuni tulizisahau kabisa.

Tate alituona tukiwa bado mbali.

"Munabeba nini?"

"Maua ya Aline. Ya komunyo," nikasema.

"Jina yake?"

Hatukulijua. Alitunyang'anya matawi, akayalaza juu ya jiwe, akanipa moja. "Enda kwa Kaaka. Akitaja, mutasuka. Asipotaja, Aline ataenda kichwa wazi. Yesu atamujua tu."

Nilikwenda mbio. Nilipofika, boma lilikuwa kimya. Kijana aliyebaki na ndama aliniambia Kaaka amekwenda kwenye msiba Endiinzi, atarudi Jumatatu. Niliketi juu ya gogo nikalitazama lile tawi. Jumatatu! Komunyo ilikuwa kesho.

Nataka nieleze vizuri nilivyofikiri, kwa sababu nimelirudia jambo hili maisha yangu yote na sitaki kujipunguzia wala kujiongezea. Muyonza nilikuwa naujua. Kaaka alinitajia jina lake mwaka tuliofika: kichaka chenye maua meupe ya kunukia, utomvu kama maziwa, na matunda meusi matamu yanayopaka midomo rangi ya zambarau. Watoto wote wa Nakivale waliyala. Nililinusa tawi langu. Harufu ilikuwa ile ile. Niliminya jani, maziwa yakatoka yale yale. Tofauti ilikuwa moja tu: muyonza una miiba mirefu inayotoboa hata ndala, na tawi langu lilikuwa laini kama kidole. Nikajiambia ni muyonza tu. Nikajiambia nitamuuliza Kaaka Jumatatu, na nikikosea nitasahihisha. Kisha nikatembea polepole nipoteze muda, ili nisirudi mapema mno.

"Kaaka anasema ni muyonza," nilimwambia Tate.

Aliligeuza tawi juu chini. Tate hakuwa mjinga. "Muyonza iko na miiba. Ya hii, miiba yake iko fasi gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Lakini mdomo wangu ulikuwa umejiandaa peke yake. "Anasema hii ni muyonza mwanamuke. Mwanamuke haina miiba."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge, na nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu tuvuke. "Mwanamuke bila miiba! Kwetu sikumuona." Kisha akatafakari kidogo. "Basi ni kama papai. Iko dume, iko jike." Akachukua tawi, akalichomeka upande wa kulia wa mlango.

Tulisuka taji jioni ile ile, mimi na Aline, na Tate mwenyewe akatuonyesha jinsi ya kufunga fundo lisilolegea.

Jumapili Aline alipendeza. Nalisema hivyo hivyo, bila kupamba. Alikwenda kupokea akiwa amenyoosha shingo taji lisianguke, na mama yake alilia misa nzima. Tuliporudi, Baba Aline alikuwa amepata nyama ya mbuzi na ini zima, na alitaka kuwaonyesha Wakongomani burusheti, yaani mishikaki, ya Bujumbura ni kitu gani. Vile vyuma vyake vya kuchomekea nyama vilibaki huko alikokimbia. Akatazama huku na huku, akaona matawi tuliyoyapukutisha maua: marefu, yaliyonyooka, yasiyo na mwiba hata mmoja. Akachukua kisu, akayamenya magome. Kisha, kwa utani, kwa sababu alijua mambo ya Tate, akainua kijiti kimoja juu ya ugo.

"Mama! Hiki nacho kina kitambulisho?"

"Kiko nayo," Tate akajibu kwa sauti, na watu wote wa sherehe walimsikia. "Ni muyonza. Matunda yake tunakula. Choma tu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilisikia. Moyo ulinipiga mara moja, kisha harufu ya ini ikaja, nikasahau.

Ini alipewa Aline kwanza, kwa kuwa ilikuwa siku yake. Alikula vijiti viwili, na nyama ilipokwisha aliendelea kuvifyonza na kuvitafuna, maana mafuta yalikuwa yameingia ndani ya mti. Mama yake alimgombeza kwa ajili ya gauni la watu, siyo kwa ajili ya kijiti. Mimi nilikula kijiti kimoja.

Kabla ya saa kumi, Aline alianza kutapika. Baba yake naye akatapika, na wageni wawili, na mimi. Tate alinikamata, akaninywesha maji yaliyokorogwa na mkaa, akaniinamisha nitapike tena. Upande wa pili wa ugo nilimsikia Mama Aline akiita jina la mtoto wake, kwanza kwa kawaida, baadaye kwa sauti ya juu. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Waliokuwepo walisema mikono yake ilikuwa ya baridi na moyo wake ulikuwa unapiga, unasimama, unapiga. Kwenye zahanati walisema huenda ni chakula, huenda ni malaria iliyokuwa imejificha mwilini, hawakuweza kusema kwa hakika. Jua lilikuwa halijazama alipokata roho. Walimrudisha na gauni la kuazima.

Sisi wengine tulipona.

Tulizika Jumatatu. Jumanne asubuhi Tate alilichomoa lile tawi kutoka mlangoni, akaliviringisha kwenye jani la mgomba, akatoka. Nilidhani anakwenda kulitupa. Alirudi jua likiwa limepanda, miguu imejaa vumbi hadi magotini, na mikono yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hakuwa na tawi. Aliketi mlangoni akaniita.

"Mutoto wangu. Siku ile, Kaaka alisema vile kweli?"

"Ndiyo, Tate."

Alinitazama. "Basi," akasema. Akainuka, akaenda kuwasha moto.

Siku hiyo hiyo mchana mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano, kwa sababu maneno yalikuwa yameshachemka. Mama mmoja wa bombani alisimama kwanza. Alisema huyu bibi kila siku huhubiri kwamba mti utaomba jina. Sasa umeomba jina la nani? Mbona haukuomba la mjukuu wake aliyekula nyama ile ile? Mbona yeye mwenyewe hakuonja? Watu wakaguna. Neno lenyewe, mchawi, lilitoka nyuma kabisa, na likishatoka halirudi.

Mwenyekiti akamgeukia Tate. "Mama, nani alisema ule muti ni muzuri?"

Tate alisimama. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, nimeshika kitenge chake.

"Ni miye," akasema. "Jina ya ule muti, ni miye nilitoa. Musitafute mutu mwingine."

Kwa masikio ya watu wale, hayo yalikuwa maungamo. Kelele zilizopigwa ninazisikia hadi leo. Mama Aline alikuwa chini, mikono kichwani, hakusema neno. Na mimi nilikuwa na mdomo, na lugha tatu ndani yake, nikaendelea kushika kitenge.

Usiku ule mawe yaligonga turubai letu. Mwenyekiti na viongozi wengine waliona ni heri Tate ahamishwe ukanda mwingine wa kambi kwa usalama wake, na Baba akanichukua mimi Mbarara. Tate alijengewa chumba kimoja upande ambako hakuna aliyemjua, lakini sifa mbaya ilimtangulia ikamkaribisha. Nilikuwa nikienda kumwona wakati wa likizo. Jambo lililoniumiza kuliko yote ni kwamba hakuwahi tena kuniuliza jina la mmea. Alichoma chochote kilichookotwa, akafagia kwa chochote, na upande wa kulia wa mlango wake palikuwa turubai tupu. Nilipomletea tawi siku moja, nikitaka kumpendeza, alisema, "Kuni ni kuni." Alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa watu sita kaburini, na wawili kati yao walikuwa wachimbaji.

Sikuwahi kumuuliza Kaaka. Kwanza niliogopa, na nilipopata ujasiri wa kuvuka bonde niliambiwa wamehama na ng'ombe wao, hakuna aliyejua wapi. Kwa hiyo nilibaki na shaka, na shaka ile nikaifanya nyumba, nikaishi ndani yake. Huenda ilikuwa malaria kweli. Huenda nyama ilikuwa imeharibika. Huenda, kwa bahati ya Mungu, uongo wangu ulikuwa kweli, na kuna muyonza jike duniani usio na miiba. Mtu mzima ana uwezo mkubwa wa kuishi na neno huenda.

Sasa nina watoto wangu, na nashona nguo hapa Mbarara. Mwaka huu binti yangu Gloria alipewa kazi ya shule: apige picha mimea mitano yenye maua na aandike majina yake. Alizunguka na simu yangu Jumamosi nzima. Jioni akaja cherehani ilipo, ananionyesha. Picha ya nne ilikuwa ya kichaka alichokikuta kwenye mawe nyuma ya kanisa, maua meupe, mekundu kidogo chini, yamebanana kwenye kila jani. Miguu yangu ilisahau kukanyaga cherehani.

"Hii simu inayajua," Gloria akasema kwa furaha. Alikuwa na programu inayotazama picha na kutaja jina la mmea. "Inasema ni muyonza. Matunda yanaliwa."

Nilimpiga kofi mkononi, simu ikaanguka. Sijawahi kumpiga mtoto yule. Nilimwomba radhi baadaye, ingawa sikuweza kumweleza kwamba simu yake ilikuwa imesema uongo wangu, neno kwa neno, baada ya miaka yote hii.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja, Mnyankole, mstaafu, aliyetumia maisha yake akitunza mimea iliyokaushwa kwenye karatasi katika chuo kimoja. Aliishika simu mbali na macho, kama wazee wafanyavyo, akatingisha kichwa.

"Nyabo, hii simu nadanganya wewe. Mtu napiga picha ya maua tu, simu naona maua tu. Maua ya hii na ya muyonza ni ndugu. Mimi nataka mti. Lete shina. Lete majani, juu na chini. Lete matunda kama iko." Akanirudishia simu, kisha akauliza, bila kujua anachoniuliza, "Na miiba iko wapi?"

Ningeweza kurudi nyuma ya kanisa. Nilikwenda Nakivale. Kilima cha upande wa Rugaaga sasa ni mahindi karibu chote, lakini kwenye mawe, ambako jembe haliingii, kichaka kimoja kati ya vile vitatu bado kipo. Nilikipiga picha ishirini na tatu. Majani yake ni mazito kama ngozi ya kiatu. Maua yanatoka kwapani mwa majani, siyo nchani mwa tawi kama ya muyonza. Niliyaona hayo yote kwa mara ya kwanza, kwa sababu ya kutumwa na mzee kuyatafuta. Niliifuata kila fimbo kwa kidole kutoka chini hadi juu. Sikupata mwiba.

Mzee alizitazama picha zangu moja moja, hakufanya haraka. Akasema Waswahili wa pwani huuita msunguti, na kwamba huko nyuma wawindaji walichemsha mti wake wakapaka ncha za mishale. Sumu yake inasimamisha moyo. Mti wake wote ni mbaya, akasema, isipokuwa tunda likiiva sana, na hata hilo yeye hali.

"Mtu akichomea nyama?" nikauliza.

Aliinua macho akanitazama, na nadhani alielewa zaidi ya nilivyotaka. "Mtu mkubwa naweza pona. Mtoto, akitafuna ule mti..." Kisha akasema kwamba yeye si daktari, na aliyekufa zamani hawezi kupimwa kwa picha. Alikuwa mtu mwema, alitaka kuniachia huenda yangu. Lakini haikuingia tena mfukoni.

Mama Aline bado anaishi pale pale. Mumewe alifariki, watoto wake waliofuata wamekua. Jina lake halijabadilika. Kila anayemsalimia kwa miaka yote hii amemwita kwa jina la yule mtoto. Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinikaribisha vizuri, akauliza habari za Baba, akauliza habari za kushona. Nilipiga moyo konde, nikamwekea simu juu ya mapaja.

Aliitazama picha. Mikono yake iliacha maharage.

"Tate wako alikuja hapa," akasema. "Siku ya mkutano, asubuhi. Alipiga magoti hapo, unapokanyaga. Alisema ametoka kwa yule mama wa maziwa, yule mama alipoona kijiti alimnawisha mikono na majivu mara tatu. Aliniambia, mti ni sumu, sikujua, nimeua mtoto wako, nisamehe. Nilimuuliza: nani alikwambia ni muyonza? Nikamuuliza tena. Akasema ni yeye mwenyewe, asiulizwe mtu mwingine."

Kwa hiyo alijua. Aliponiita mlangoni na kuniuliza kama Kaaka alisema vile kweli, alikuwa ametoka kwa Kaaka. Alinipa nafasi ya kusema, nikamwangalia usoni nikadanganya mara ya pili, naye akainuka akaenda kuubeba uongo wangu mbele ya watu.

"Kwenye mkutano," Mama Aline akaendelea, polepole, "nilisikia wanasema mchawi. Mimi nilijua si mchawi. Nilijua alikosea tu. Ningesimama nikasema, wangenisikia, mimi ndiye mwenye mtoto. Nilinyamaza. Nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa."

Nilimwambia. Nilimwambia yote: boma tupu, msiba wa Endiinzi, gogo, mwanamke asiye na miiba. Sikulia, kwa sababu niliona kulia mbele yake kungekuwa kumwomba kitu.

Hakunitukana. Aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akalifuata shina kutoka chini hadi juu, akarudi chini. Nilijua anachotafuta. Alitafuta kwa muda mrefu.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema mwishowe. Akanirudishia simu, akarudia maharage yake. Nilipoinuka aliongeza, bila kuinua kichwa, "Hiyo picha niletee ya karatasi. Na jina lake uandike. Hapa kuna wajukuu."

Niliichapisha Mbarara wiki ile ile, kubwa, nikaandika jina kwa kalamu nene, nikampelekea. Aliichukua akaibandika ndani, upande wa kulia wa mlango. Sijui kama alikumbuka nani mwingine alikuwa akiweka vitu upande huo.

Aliniambia pia niende nikawaambie watu. Nimejaribu. Watu gani? Mwenyekiti alipelekwa nchi ya mbali na familia yake. Yule mama wa bombani alirudi Burundi. Waliorusha mawe wametawanyika, na waliozaliwa baadaye hawajui habari hiyo, wanajua tu kwamba zamani hapa palikuwa na bibi mchawi Mkongomani aliyekula mtoto kwa kijiti. Hiyo ndiyo iliyobaki. Sijui mlango wa kugonga ili kuifuta.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya Tate. Kemia ya ule mti naielewa sasa, mzee alinieleza. Lakini naona pia alichosema bibi yangu kilitokea kama alivyokisema. Mti usio na jina uliletwa nyumbani, nikaupa jina la uongo, nao ukachukua la Aline. Kisha ukachukua la Tate, maana tangu siku ya mkutano hakuna aliyemwita tena kwa jina lake, Mama Nabintu, waliita lile neno lingine mpaka wakamfukia nalo. La kwangu haukulipata. Tate alisimama katikati, akasema wasitafute mtu mwingine, na hawakutafuta.

Naitwa Feza. Mimi ndiye niliyesema ni muyonza.